Kufundisha Sayansi ya Chini ya Maji kwa Kuanzia Mwilini mwa Mwanafunzi

Mwalimu anayetaka kufundisha sayansi ya chini ya maji hushawishika kuanza na viumbe. Hubandika ukutani picha za pweza, papa na matumbawe, wanafunzi wakakariri majina, na baada ya juma moja wakayasahau. Nimewahi kufanya hivyo mimi mwenyewe. Nilichovuna ni mtihani uliojibiwa vizuri na darasa ambalo halikuweza kunieleza kwa nini sikio humuuma mtu anapozama hadi chini ya bwawa la kuogelea. Tangu hapo huanza na sikio, na viumbe hawaingii darasani mpaka mwanafunzi awe na sababu ya kuwahitaji.

Mwongozo huu umeandikwa kwa walimu wa sayansi wenye wanafunzi wa umri wa kati ya miaka 11 na 17, na unahitaji vipindi sita au saba. Hakuna haja ya bahari, wala ziwa, wala maabara. Vifaa vikuu vinavyohitajika ni mabomba ya sindano ya plastiki yasiyo na sindano, chupa za plastiki, ndoo, kitambaa kikuukuu cha pamba, karatasi za rangi mbili, chupa mbili za soda na saa yenye mshale wa sekunde.

Hatua ya 1: Chagua minyororo, si mada

Kabla ya kuandaa somo lolote, chukua karatasi na uandike upande mmoja jambo linalotokea majini na upande wa pili jambo linalotokea mwilini mwa binadamu. Kisha jaza katikati sababu zinazoviunganisha, moja baada ya nyingine, bila kuruka. Ukishindwa kuujaza mnyororo huo, mwanafunzi hataujaza, na somo hilo liache kwa sasa. Kwa mfano, sentensi isemayo kwamba bahari ikichafuka afya huathirika si mnyororo, kwa sababu hakuna aliyeweza kukosea wala kupatia kwa kuisema. Lakini ukisema kwamba zebaki iliyomwagwa majini hugeuzwa na bakteria kuwa aina inayoingia katika nyama ya samaki, kwamba samaki mkubwa hula wadogo wengi na kuikusanya, na kwamba mama mjamzito anayemla samaki huyo humpitishia mtoto sumu hiyo kupitia kondo la nyuma, hapo kila pete ya mnyororo inaweza kuulizwa swali na kuthibitishwa.

Minyororo minne au mitano inatosha kwa muhula. Ile niliyoichagua hapa ni shinikizo na masikio, gesi na damu, pumzi na moyo, planktoni (viumbe wadogo wanaoelea majini) na kipindupindu, na zebaki na ubongo, pamoja na somo moja la dawa zilizotoka majini.

Hatua ya 2: Shinikizo lishikwe kwa mkono

Hii ndiyo hatua ya kutumia muda mrefu kuliko zote, kwa hiyo usione tabu kuipa vipindi viwili. Baadhi ya vitabu huliita shinikizo kanieneo. Waambie wanafunzi maneno yote mawili, kisha mtumie moja.

Gawa mabomba ya sindano ya mililita 10 au 20, bomba moja kwa wanafunzi wawili. Mmoja avute pistoni hadi alama ya mwisho, azibe tundu kwa kidole gumba, kisha asukume taratibu. Mkono wake utamwambia mambo mawili: kwamba hewa inakubali kubanwa, na kwamba kadiri inavyobanwa ndivyo inavyozidi kukaidi. Sasa ajaze bomba lilelile maji, ahakikishe hakuna povu la hewa ndani, azibe na kusukuma tena. Pistoni haitasogea. Usiwaeleze chochote kwa dakika mbili au tatu. Waache wasukume, washindane, wabadilishane. Baadaye uliza swali moja: mwili wa binadamu unafanana na bomba lipi? Wengi watajibu la hewa au la maji, na wote watakuwa wamepatia nusu. Sehemu kubwa ya mwili ni maji na haibanwi na kina, lakini ndani yake kuna vifuko vya hewa, yaani mapafu, sikio la kati, na mianya ya ndani ya mifupa ya uso, na ni humo tu ambamo shinikizo la maji hufanya madhara yake ya kwanza.

Baada ya hapo ndipo namba ziingie. Kwenye uso wa maji hewa hutukandamiza kwa shinikizo la atmosfia 1, na kila mita 10 za maji ya bahari huongeza takriban atmosfia nyingine 1. Kwa hiyo katika mita 10 shinikizo ni atmosfia 2 na hewa iliyofungiwa hubaki nusu ya ujazo wake. Katika mita 20 ni atmosfia 3 na hewa hubaki theluthi. Katika mita 30 ni atmosfia 4 na hewa hubaki robo. Uhusiano huu ulielezwa na Robert Boyle mwaka 1662, na mwanafunzi aliyeshika bomba la sindano anaweza kuueleza bila kujua jina lake. Wachoreshe grafu ya ujazo dhidi ya kina. Mstari hautashuka sawasawa, bali utaporomoka mwanzoni na kulegea baadaye, na hilo ndilo jambo la kulikazia: mabadiliko makubwa kuliko yote hutokea katika mita chache za kwanza, yaani mahali palepale ambapo watoto huchezea.

Tahadhari moja kuhusu jaribio maarufu la chupa yenye matundu matatu. Michoro mingi huonyesha maji ya tundu la chini yakiruka mbali kuliko yote, ilhali chupa ikiwa imesimama mezani maji yanayofika mbali zaidi ni ya tundu la katikati, kwa kuwa yale ya chini, ingawa hutoka kwa kasi kubwa zaidi, huigusa meza kabla ya kwenda mbali. Mwanafunzi makini ataliona hilo na kudhani sayansi imemdanganya. Weka chupa juu ya kitu chenye kimo sawa na chupa yenyewe au zaidi, maji yaangukie beseni lililo chini, na utapata matokeo yanayolingana na mchoro. Afadhali zaidi, fanya kwa njia zote mbili na uwaulize kwa nini zinatofautiana.

Jaribio la pili ni la mzamiaji wa chupani. Bandika kipande kidogo cha udongo wa kufinyangia kwenye ncha ya chini ya kifuniko cha kalamu, bila kuziba mdomo wake, hadi kielee kikiwa wima huku juu kumebaki kiputo cha hewa. Kama kifuniko kina tundu dogo kichwani, lizibe. Kitumbukize katika chupa ya plastiki iliyojaa maji hadi mdomoni, funga kizibo, kisha minya chupa. Kifuniko kitazama, ukiachia, kitapanda. Mwambie mwanafunzi akaribishe jicho kwenye chupa na kuangalia kiputo tu. Ataona kinavyosinyaa wakati wa kuminya na maji yakiingia kuchukua nafasi yake. Samaki wengi hutumia kanuni hiyohiyo kwa kibofu chao cha hewa, na ndiyo maana samaki aliyevutwa haraka kutoka kina kirefu huweza kufika juu akiwa ametumbua macho na tumbo lake limesukumwa hadi mdomoni.

Sasa rudi kwenye sikio. Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna chumba kidogo cha hewa kilichounganishwa na koo kwa mrija mwembamba, na mrija huo kwa kawaida umefumba. Mtu anapozama, maji husukuma kiwambo kwa nje, hewa ya ndani husinyaa, na kiwambo hupinda kuelekea ndani. Maumivu huanza katika mita moja au mbili tu. Kumeza mate, au kubana pua na kupuliza kwa upole, hufungua mrija na kuingiza hewa ya kusawazisha. Mwenye mafua mrija wake umevimba na haufunguki, kwa hiyo hapaswi kupiga mbizi mpaka apone. Akilazimisha, kiwambo huweza kupasuka. Wanafunzi wanaweza kujaribu kumeza mate huku wamebana pua na kusikia mlio mdogo masikioni. Mlio huo ni mrija unaofunguka, na hakuna picha ya ukutani inayoweza kushindana nao.

Geuza swali kabla ya kipindi kwisha. Mpiga mbizi anayetumia mtungi wa hewa amevuta pumzi hadi mapafu yakajaa akiwa mita 10 chini, kisha akaibana na kupanda. Hewa yake itakuwa na ujazo gani atakapofika juu? Jibu ni mara mbili, na mapafu hayana nafasi hiyo. Ndiyo sababu kanuni ya kwanza ya wapiga mbizi wa mitungi ni kutobana pumzi kamwe, hata katika maji ya mita chache.

Hatua ya 3: Soda na damu

Weka mezani chupa mbili za soda za aina moja zenye ubaridi sawa. Waonyeshe kwanza kwamba zikiwa zimefungwa hazina povu. Uliza gesi iko wapi. Kisha fungua moja kwa mara moja, na nyingine ilegeze kizibo kidogokidogo kwa dakika tano, ukisikiliza mnong'ono wa gesi. Ya kwanza itafurika viputo. Ya pili itatoa gesi yake kwa utulivu zaidi. William Henry alieleza mwaka 1803 kwamba kiasi cha gesi kinachoyeyuka katika kimiminika hutegemea shinikizo lililoko juu yake, na soda ni ushahidi unaomtosha kila mtu.

Mpiga mbizi anayevuta hewa ya mtungi chini ya maji ni kama soda inayotengenezwa. Oksijeni hutumiwa na mwili, lakini naitrojeni, ambayo ni takriban asilimia 78 ya hewa, haitumiki, hivyo huyeyuka na kulimbikizana katika damu na mafuta ya mwili. Akipanda taratibu, hutoka kupitia mapafu. Akipanda kwa haraka, huwa viputo ndani ya viungo, mishipa, na hata uti wa mgongo. Wakumbushe wanafunzi kwamba gesi ya soda ni kabonidayoksaidi na ya mpiga mbizi ni naitrojeni. Kanuni ni moja, gesi ni mbili, na mtihani mzuri huuliza tofauti hiyo.

Hapa historia inafundisha vizuri kuliko ufafanuzi. Ugonjwa huu wa viputo mwilini haukuanza kwa wapiga mbizi peke yao, bali uliwakumba pia mafundi waliochimba misingi ya madaraja ndani ya masanduku makubwa yaliyojazwa hewa ya shinikizo chini ya mito. Mhandisi mkuu wa daraja la Brooklyn huko New York, Washington Roebling, aliugua mwaka 1872, akasimamia kazi kutoka nyumbani huku mkewe Emily akipeleka maagizo kwa mafundi hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 1883. Mfaransa Paul Bert alionyesha mwaka 1878 kwamba viputo hivyo ni vya naitrojeni hasa. Mwaka 1908 John Scott Haldane na wenzake wa Uingereza walichapisha majedwali ya kupanda kwa vituo, waliyoyapata kwa majaribio ya mbuzi. Dalili mojawapo waliyoitazama ni mbuzi kuinua mguu wa mbele kwa sababu ya maumivu ya kiungo. Wanafunzi hulikumbuka hilo la mbuzi muda mrefu, na kwa kulikumbuka hukumbuka pia kwamba matibabu ya ugonjwa huu ni kumpa mgonjwa oksijeni na kumrudisha katika chumba cha shinikizo, kisha kulipunguza shinikizo hilo taratibu.

Hatua ya 4: Pumzi na moyo, kwa tahadhari kubwa

Kila mwanafunzi ahesabu mapigo ya moyo wake kwa sekunde 15 akiwa ametulia, na azidishe kwa nne. Kisha abane pumzi kwa muda usiozidi sekunde 15 huku mwenzake akimwekea kitambaa kilicholowekwa maji baridi kwenye paji la uso na mashavu, na mapigo yahesabiwe tena. Wengi, ingawa si wote, wataona mapigo yamepungua. Uso unapohisi maji baridi, neva hupunguza kasi ya moyo na mishipa ya mikono na miguu hujibana ili oksijeni iliyopo ihifadhiwe kwa ajili ya ubongo na moyo wenyewe. Tumeumbwa na jambo hili sawa na sili na nyangumi, ila wao wanalo kwa nguvu zaidi. Wenye matatizo ya moyo, kifafa au pumu wasifanye jaribio, bali wawe waandishi wa takwimu, na hiyo nayo ni kazi ya kisayansi. Usitumie beseni la maji kuzamisha nyuso, hata kama darasa limekuomba.

Jambo la kufundisha kwa mkazo ni hatari ya kuhema haraka kabla ya kupiga mbizi. Hamu ya kuvuta pumzi hailetwi hasa na upungufu wa oksijeni, bali na kabonidayoksaidi inayoongezeka katika damu. Mtu akihema kwa nguvu mara nyingi kabla ya kuzama, huifukuza gesi hiyo bila kuongeza oksijeni ya maana. Kengele ya mwili huchelewa kulia, oksijeni huisha kwanza, na mtu huzimia chini ya maji bila kuhisi shida yoyote. Waogeleaji hodari hufa hivyo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na kipindi hiki kisipite bila darasa zima kukubaliana kwamba mashindano ya kubana pumzi majini hayafanyiki.

Ukibakiwa na muda, waeleze kuhusu Wabajau wa kusini-mashariki mwa Asia, ambao wameishi kwa kupiga mbizi kwa vizazi vingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta bandama zao ni kubwa kwa takriban asilimia 50 kuliko za majirani zao wasiopiga mbizi. Bandama hujikunja wakati wa mbizi na kuingiza katika mzunguko wa damu chembe nyekundu zenye oksijeni. Tofauti hiyo ilionekana hata kwa Wabajau ambao wao wenyewe hawapigi mbizi, jambo lililoelekeza kwenye urithi wa jeni.

Hatua ya 5: Kitambaa na kipindupindu

Tayarisha ndoo ya maji ya bwawa. Yateke mwenyewe, ukiwa na glavu na viatu vya mpira, na usiwatume wanafunzi kuingia majini kwa miguu mitupu: katika maeneo yenye kichocho, vimelea wanaotoka kwenye konokono wa maji baridi hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Hilo lenyewe ni mnyororo mfupi wa kueleza wakati wa kugawa glavu. Kama maji ya bwawa hayapatikani, koroga unga wa mkaa na matone ya wino katika maji safi.

Mimina kidogo katika glasi na kuishikilia mbele ya dirisha. Katika maji ya bwawa mwanafunzi ataona vinukta vyeupe vinavyoruka-ruka, kila kimoja kikiwa na urefu wa milimita moja hivi. Baadhi ya hivyo ni kopepodi, jamaa wa kamba na kaa, wanaokula mimea midogo mno inayoelea. Sasa kunja kitambaa kikuukuu cha pamba mara kadhaa, kifunge juu ya mdomo wa ndoo ya pili, na mmimine maji taratibu. Kitambaa kikuukuu ni bora kuliko kipya kwa kuwa nyuzi zake zimetawanyika na kuyapunguza matundu. Linganisha maji ya kabla na ya baada, kisha geuza kitambaa na utazame kilichonaswa kwa kioo cha kukuzia.

Kisha simulia. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba vimelea vya kipindupindu husafiri kutoka kwa mtu hadi mtu tu. Mwanasayansi wa Marekani, Rita Colwell, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba bakteria hao huishi kiasili katika maji, hasa ya midomo ya mito, na kwamba hujishikiza kwa wingi juu ya kopepodi. Maji yakipata joto na virutubisho, mimea midogo huongezeka, kopepodi nao huongezeka, na mtu anayekunywa maji hayo humeza bakteria kwa maelfu wakiwa wamepanda migongoni mwao. Kwa kuwa kopepodi ni mkubwa mara nyingi kuliko bakteria, kitambaa kinachomkosa bakteria aliye peke yake humnasa akiwa juu ya mnyama huyo. Katika vijiji vya Bangladesh, wanawake waliofundishwa kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa walipunguza visa vya kipindupindu kwa asilimia 48, kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003.

Hapo mwalimu asimame na kuuliza: je, asilimia 52 zilibaki kwa nini? Swali hili ndilo kiini cha kipindi. Waliotumia wino watakumbuka ulivyopita kitambaani bila kuzuiwa, na wote watagundua wenyewe kwamba kitambaa hupunguza hatari lakini hakiiondoi, kwamba maji ya kunywa bado yanahitaji kuchemshwa au kutiwa dawa, na kwamba mikono na chakula ni njia nyingine za ugonjwa huohuo. Maji yaliyochujwa darasani yamwagwe, kitambaa kilowekwe katika maji yenye dawa ya klorini, na kila mtu anawe kwa sabuni.

Katika kipindi hiki mtu ataleta msemo kwamba nusu ya pumzi zetu hutoka baharini. Usimvunje moyo, ila msahihishe. Mimea midogo ya bahari hufanya takriban nusu ya usanisinuru wote wa dunia, lakini oksijeni inayotengenezwa humo karibu yote hutumika humohumo baharini. Ile tunayoivuta ni akiba iliyojikusanya hewani kwa mamilioni mengi ya miaka. Sentensi iliyo sahihi haina mvuto kama ule msemo, na hiyo ni bei ya kawaida ya sayansi.

Hatua ya 6: Mchezo wa zebaki

Andaa vipande 80 vya karatasi, 60 vyeupe na 20 vyekundu. Vyeupe ni chakula, vyekundu ni zebaki. Vitawanye sakafuni. Wanafunzi 20 ni samaki wadogo, na kila mmoja huokota vipande vinne bila kuchagua. Wakimaliza, kila mmoja atupe vyeupe, maana chakula kimetumika kwa nguvu za mwili, na abaki na vyekundu, kwa kuwa zebaki ya aina hii hutoka mwilini polepole sana. Wanafunzi watano ni samaki wa kati. Kila mmoja huwagusa samaki wadogo wanne na kuchukua walichobaki nacho. Mwanafunzi mmoja wa mwisho ni samaki mkubwa, naye huwala wote watano. Waliosalia darasani wahesabu na kuandika ubaoni.

Samaki mdogo atakuwa na wastani wa kipande chekundu 1, wa kati 4, na mkubwa 20. Maji ya mwanzo yalikuwa yaleyale, na hakuna aliyeongeza sumu njiani. Wape muda wa kulitafakari hilo, kisha waelezee yaliyotokea Minamata, Japani, ambako mwaka 1956 ugonjwa wa ajabu wa neva ulitangazwa rasmi. Kiwanda cha kemikali kilikuwa kikimwaga zebaki katika ghuba, na watu walikula samaki na kombe wa hapo. Paka wa wavuvi waliyumbayumba na kurukaruka kama waliopagawa kabla ya ugonjwa kutambuliwa kwa binadamu. Mama waliokuwa na dalili chache, au wasiokuwa nazo kabisa, walizaa watoto wenye ulemavu mkubwa wa ubongo. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, umepewa jina la mji huo.

Kosa kubwa ambalo somo hili huweza kulileta ni kumfanya mtoto aogope samaki. Rudi kwenye ubao na uulize ni samaki yupi wa kumla. Jibu limo katika hesabu yao wenyewe: dagaa na samaki wengine wadogo wa chini ya mnyororo wana zebaki kidogo, na wakati huohuo wana protini, madini ya chokaa na mafuta ya omega-3 ambayo ubongo unaokua unayahitaji.

Hatua ya 7: Dawa, kiumbe kimoja kwa kipindi

Zipo dawa kadhaa zilizotoka majini, na ni rahisi kuzigeuza kuwa orodha. Chagua kiumbe kimoja. Mimi humchagua konokono wa baharini mwenye ganda la umbo la pia, ambaye huwinda samaki. Swali la kuanzia ni hili: mnyama anayetambaa polepole kiasi hicho atamlaje samaki? Wanafunzi watafika wenyewe kwenye jibu kwamba sumu yake lazima ifanye kazi papo hapo, kabla windo halijaogelea mbali, na kwamba lazima ilenge neva. Kutokana na sumu hiyo, kwa uchunguzi ulioanzishwa na Mfilipino Baldomero Olivera na wenzake, ilitengenezwa dawa ya maumivu makali iitwayo zikonotidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004. Hudungwa katika majimaji yanayozunguka uti wa mgongo, ambako huzuia ujumbe wa maumivu kupita kati ya neva na neva. Onyo la lazima: aina nyingine ya konokono hao imeua watu, kwa hiyo ganda zuri lililookotwa majini likiwa na mwenyewe ndani halishikwi.

Darasa linalopenda kemia linaweza kupewa sifongo badala yake, kwa kuwa dawa ya saratani ya damu iitwayo sitarabini, iliyoidhinishwa mwaka 1969, ilitokana na kemikali zilizogunduliwa katika sifongo wa baharini. Swali la kuanzia hubadilika kidogo tu: kiumbe asiyeweza kukimbia hujilindaje?

Hatua ya 8: Kupima walichoelewa

Usiulize majina wala miaka. Mpe kila mwanafunzi ncha mbili za mnyororo ambao hamkuufundisha, na umtake aandike sentensi tano au sita za kuziunganisha. Mfano ninaoupenda ni huu: mwanzo, mimea midogo yenye sumu imeongezeka ghafla baharini, mwisho, mtu aliyekula kome waliopikwa vizuri amekufa ganzi midomo. Jibu dhaifu husema bahari ilichafuka na kome wakaharibika. Jibu zuri husema kome hula kwa kuchuja maji mengi, kwamba mimea hiyo hubaki ndani yao, kwamba sumu haimdhuru kome mwenyewe kwa kiasi cha kuonekana, kwamba si kiumbe hai na hivyo kuchemsha hakuiui, na kwamba huzuia neva kupitisha ujumbe. Mwanafunzi asiyejua pete moja ya mnyororo lakini akaacha nafasi na kuandika kwamba hapo pana jambo la kuchunguzwa apewe alama zaidi ya yule aliyeijaza kwa maneno matupu.

Kama ratiba imekubana na una kipindi kimoja tu kwa muhula mzima, chukua mabomba ya sindano, moja kwa wanafunzi wawili, na ndoo ya maji, uingie darasani.